Mwaka Niliobeba Ngao

Rose, mke wa Felix, ambaye sisi marafiki tulimwita Felo, alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maziwa, akaniambia Felo amefariki. Hakulia. Nadhani alikuwa ameshalia kwingine, na sasa alikuwa katika ile kazi ya kuita watu. Alisema ni figo, akasema mazishi ni Jumamosi nyumbani kwao, juu kidogo ya mji wa Homa Bay, halafu akaniomba jambo ambalo limenifanya nikae chini kuandika haya. "Dada Beryl, wewe ndiye utasema kwa niaba ya marafiki. Felix alitaka hivyo mwenyewe kabla hajazidiwa. Alisema wewe ndiye ulimkinga akiwa kijana, ukabeba kosa lake, ukafukuzwa kazi yeye akabaki. Watoto wangu wanaijua hiyo hadithi. Tafadhali uje uiseme mbele ya watu." Nikasema nitakuja. Ningesema nini kingine? Mwenye maziwa akaniuliza lita ngapi, nikamwambia nne, na mimi naishi peke yangu.

Hadithi hiyo si ya kweli. Felo hakudanganya mtu, maskini. Yeye aliamini kila neno lake mpaka akafa nalo. Aliyejua ukweli ni mimi, na nimeunyamazia miaka kumi na mitano kwa sababu hadithi ilivyosimuliwa ilinipendeza. Nani asiyependa kuitwa shujaa? Kila mara Felo alipoisimulia, kwenye arusi yake, kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza, nilikuwa naangalia sahani yangu, na watu walidhani ninaona haya kwa sababu ya unyenyekevu. Unyenyekevu! Sasa nimeombwa niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe, jeneza likiwa pale. Basi kwanza niiandike jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Mwalimu Owuor, mwalimu mstaafu, alikuwa na saiba, duka la intaneti, mjini Migori, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea, na alinichukua niwe nachapa. Kulikuwa na kompyuta saba, zimetengwa kwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya samawati, na harufu ya mbolea ilipanda ngazi ikachanganyika na ya wino wa printa mpaka nikirudi nyumbani nguo zangu zilinuka shamba na ofisi kwa pamoja. Siku yetu kubwa ilikuwa Alhamisi. Watu walikuja na karatasi zilizoandikwa kwa kalamu, wasifu wa marehemu wao, nami nilichapa programu za mazishi ya mwisho wa wiki. Mwaka mzima sikuwahi kuchapa marehemu mbaya. Wote walikuwa wacheshi, wakarimu, wapenda amani. Nilikuwa nacheka peke yangu nikisahihisha majina ya wajukuu.

Mchana wateja walipungua, na hapo ndipo tulipocheza. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa zamani hata wakati ule, ulioletwa na kijana aitwaye Denis kwenye fleshi. Unakuwa mtu wa kubuni, unaingia nchi yenye mapango na majitu, unaua, unapanda leveli, na watu wa nchi nyingine wako humo humo wakipanda zao. Tulikuwa wanne. Denis alibeba ngao. Felo, aliyekuwa msimamizi wa saiba, alikuwa mponyaji: anakaa nyuma, anawarudishia wenzake uhai wakipigwa. Chacha, Mkuria wa kutoka Isebania aliyetengeneza simu kwenye kibanda cha chini, alikuwa na shoka na hakuwa na subira. Mimi nilipiga mishale kutoka mbali. Nilikuwa leveli ya ishirini na saba na nilijisikia mtu. Saa saba tulikula chapati na maharagwe ya madondo kutoka bakuli moja, tumeliweka juu ya mashine ya fotokopi kwa sababu kifuniko chake kilikuwa na joto, jambo ambalo Mwalimu alilikataza kila wiki na sisi tukalifanya kila siku.

Denis akapata kazi Mombasa, akaenda. Kikosi kisicho na mbeba ngao hakifiki popote. Tenki, ndivyo tulivyomwita, ndiye anayesimama mbele ya jitu na kulikasirisha kwa makusudi ili limpige yeye peke yake. Kwenye mchezo ule hasira ya jitu ilihesabiwa: ukilitukana, hasira inakuja kwako, ukilipiga sana au ukiponya sana kabla tenki hajalishika, inakuja kwako pia, na wewe huna chuma mwilini, unakufa mara moja. Wiki mbili tulikufa tu. Chacha alikuwa akigonga meza. Siku moja Felo akageuka kwenye kiti, tonge la chapati mkononi, akaniambia, "Beri, wewe chukua ngao."

"Mimi? Kwani mimi nimekosea nini?"

"Wewe ndiye unajua kugombana. Hiyo kazi ni ya mtu wa kugombana."

"Na mishale yangu? Nimepanda mpaka ishirini na saba na mishale, bana."

"Mishale tutapata mtu yeyote," alisema Felo, na hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa neno la kweli, na liliniuma siku nzima.

Nikabadilisha. Ilibidi nivunje kila kitu nilichojifunza, niuze upinde, niweke nguvu zangu zote kwenye kuvumilia badala ya kuua. Asiyewahi kufanya hivyo katikati ya safari hajui taabu yake. Wenzangu walikuwa wanapanda leveli kila siku. Mimi peke yangu mbwa mwitu mmoja nilimpiga mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sifi, lakini siui pia. Nikabaki leveli tatu nyuma, na bila wao sikuweza kwenda popote. Nilifanya makosa yote. Nilikimbia kinyumenyume nikaokota majitu mengine njiani. Niligeuza mgongo, na ngao haikingi mgongo. Nilisimama vibaya jitu likatema moto ukapita juu yangu ukawaunguza wenzangu. Chacha alitukana kwa Kikuria, sikuhitaji mkalimani. Ni Felo aliyenifundisha, taratibu, akiwa na daftari la Mwalimu amechora duara na mishale: ligeuze jitu liangalie ukuta, liwape wenzako mgongo, halafu usiangalie nyuma. "Nyuma niachie mimi," alisema. "Ukianza kunitafuta kwa macho, umekufa."

Na nilipoweza, yawa, niliweza kweli. Nilikuwa napiga kelele zile za kulikasirisha jitu kwa mdomo wangu, si kwa kibodi tu. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na fundi wa nguo na wateja wake, na nilikuwa nawasikia kama walivyonisikia. "Huyo msichana anapigana na nani kila siku?" "Ati ni kompyuta." "Kompyuta gani inatukanwa hivyo? Hata mume hatukanwi hivyo." Walicheka, mashine ikaendelea kushona. Mimi sikujali. Mpiga mishale akianguka wengine huendelea; tenki akianguka, kikosi chote kinalala chini. Hakuna mahali pengine duniani mwaka ule palipokuwa na mtu anayesema Beryl asipokuwepo hatuanzi. Nitasema wazi, kwa sababu ndicho kiini cha yote: niliipenda ile hali kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Nilikuwa na njaa ya kuhitajiwa, na njaa hiyo haikunifanya mtu mwema.

Kulikuwa na jitu moja mwisho wa pango kubwa. Liliruhusu kikosi kujaribu mara moja tu kwa wiki, na wiki tatu mfululizo lilikuwa limetushinda, wiki zote tatu kwa sababu yangu. Wiki ya nne tuliingia siku ya Jumatano mchana. Na Jumatano hiyo hiyo, asubuhi, alikuja msichana wa Awendo na baba yake.

Aliitwa Scovia. Alikuwa rika langu, sketi ya shule bado, shati limepigwa pasi. Baba yake alikuwa mpakiaji wa miwa kwenye malori, viganja vimechanika, na alizungumza nasi Kiswahili ingawa Felo na mimi ni Wajaluo kama yeye. Alituongelesha kama watu wa ofisi ya serikali, kwa heshima. Kulikuwa na nafasi ya kusomea uuguzi, iliyofadhiliwa, na fomu pamoja na vyeti vilitakiwa vifike kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja jioni siku ile. Mwalimu alivipokea mwenyewe, akavikagua ukurasa mmoja mmoja na miwani yake, akamwambia Felo, "Hii ya msichana itumwe kwanza kabla ya kitu kingine." Kisha akaenda kwenye kamati ya mazishi ya jirani. Baba akatuuliza mara mbili kama wakae wasubiri. Felo akamwambia, "Hapana mzee, nendeni tu, itafika." Wakaenda kupanda gari la kurudi Awendo.

Umeme ulipotea saa nane. Tuliwasha jenereta kule nyuma, tukaingia pangoni. Felo alikuwa amekwisha kuskani karatasi zote, lakini neti yetu ilikuwa nyembamba na faili lilikuwa zito, na kompyuta tatu zikiwa kwenye mchezo halikupanda. Alijaribu likakwama katikati. Alijua, nami nilijua, na Chacha angejua kama asingekuwa amevaa hedifoni masikio yote mawili: ili fomu iende, ilibidi tufunge mchezo. "Tumalize hili kwanza," nilisema. "Ni dakika kumi." Hazikuwa kumi. Jitu lile lilikuwa na uhai wa kutisha. Ilipofika saa kumi na dakika ishirini lilikuwa limebakiwa na robo, nami bado nimesimama, limegeukia ukuta vizuri kabisa, moto unapiga ngao yangu tu. Sijawahi kufanya kazi yoyote vizuri namna ile. Hapo nikasikia kiti cha Felo kikisogea.

"Beri, natoka. Nitume ya huyo msichana."

"Felo, keti!"

"Saa imeenda."

"Keti chini! Ukitoka nakufa. Usiniache hapa!"

Nililisema kwa sauti ambayo hata cherehani ya fundi ilisimama. Sikugeuka kumwangalia, mwenyewe alinifundisha nisigeuke. Nikasikia kiti kikirudi mahali pake, na uhai wangu kwenye kioo ukapanda tena.

Jitu lilianguka saa kumi na moja kasoro robo. Chacha aliruka mpaka akagonga balbu. Tulipiga kelele, tukashikana mabega watatu, na mimi nikalia, kweli nililia kwa furaha. Jenereta likakohoa mara mbili likazima. Petroli ilikuwa imekwisha. Chacha alichukua mtungi akapanda boda boda, Felo akasimama dirishani akiangalia barabara, na mimi nikakaa mbele ya kioo cheusi. Chacha aliporudi ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Fomu ilikwenda baada ya robo saa nyingine. Wiki iliyofuata likaja jibu fupi la Kiingereza, la adabu, kwamba maombi yaliyochelewa hayapokelewi.

Baba yake Scovia alikuja peke yake. Mwalimu Owuor alituita wote watatu tukasimama karibu na fotokopi. "Nani alikuwa na hii kazi?" aliuliza, na macho yake yalikuwa kwa Felo, kwa sababu alimpa Felo. Nilimwona Felo akifungua mdomo. Nikapiga hatua moja mbele nikasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nilimwambia Felix aniachie, nikaisahau nikicheza." Felo akasema, "Beri..." nikamwambia, "Nyamaza. Hii ni yangu." Baba yule hakunitukana. Laiti angenitukana. Alikunja bahasha ya vyeti mara mbili, akatuambia asante kwa Kiswahili, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Mwalimu alinifukuza jioni ile ile.

Nimerudia sekunde zile mara nyingi. Mpaka leo siwezi kuapa nilipopiga ile hatua nilikuwa naungama au nilikuwa nacheza. Nilisema ni mimi, na ilikuwa mimi. Lakini nilitia uongo mdogo ndani, kwamba niliachiwa nikasahau, na uongo ule ulifanya ukweli wenyewe ufanane na hisani. Ningesema, "Aliinuka nikamkataza," mambo yangeisha hapo. Sikusema. Tulipofika chini, karibu na magunia ya mbolea, Felo alinishika mkono akilia waziwazi, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili. "Umenibebea," alisema. "Mungu akulipe, tenki wangu." Nilitaka kumwambia. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa ananiangalia, na nikauacha mdomo wangu umefungwa.

Niliondoka Migori mwezi ule, nikaja Homa Bay kwa shangazi, nikapata kozi, nikapata kazi, nikawa huyu mama mkali wa ofisini ambaye vijana humwogopa. Felo naye alihamia huku baadaye, akaoa, akafungua duka la vifaa vya shule. Na kila mwaka, wakati wa maombi ya vyuo, alifunga duka mchana, akaketi chini ya hema pale karibu na soko na kompyuta yake, akawajazia watoto fomu bure. Watu walimpenda sana kwa hilo. Waliniuliza kwa nini anafanya hivyo, nikasema ni roho yake tu. Mimi nilijua. Alikwenda Awendo mara mbili kumtafuta Scovia amwombe radhi. Mara ya kwanza aliambiwa ameolewa upande wa Rongo. Mara ya pili alimpata, alinipigia simu siku hiyo hiyo, sauti imemjaa, "Beri, nimempata, nimemwambia kila kitu, kwamba ilikuwa mimi." Nikamwambia niko kwenye mkutano. Sikuwa kwenye mkutano wowote. Nilikuwa jikoni kwangu nasafisha omena, wale dagaa wa ziwani, na niliendelea kuzisafisha mpaka zikabaki vipande vipande.

Hayo niliyaandika kabla ya mazishi. Jumamosi nilivaa nguo nyeusi nikaenda. Mahema matatu, viti vya plastiki, jeneza mbele ya nyumba chini ya turubai, ziwa likionekana kule chini limetulia. Programu ilichapwa vizuri. Felix alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda amani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kila neno lilikuwa sahihi. Chacha alikuwepo, amenenepa, nywele zimetoka mbele, akanikumbatia. Wakaniita. Nikajikaza, nikashika maikrofoni kwa mikono miwili.

Nilisema hivi, na nilisema polepole ili pasiwe na wa kusema hakusikia. "Rose ameniomba nieleze jinsi nilivyomkinga Felix. Sikumkinga. Siku ile Felix aliinuka kwenda kutuma karatasi za yule msichana, na mimi nikampigia kelele akae, kwa sababu nilitaka kushinda mchezo. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Yeye ameishi miaka kumi na mitano akidhani nilibeba mzigo wake. Ni yeye aliyebeba wangu, na nilimwacha aubebe."

Nilijisikia mwepesi, nitakubali hilo. Kisha Chacha akainuka kutoka safu ya pili, akaja akachukua maikrofoni mkononi mwangu, machozi yakimtoka huku anatabasamu. "Mmesikia?" aliwaambia watu. "Mmemsikia huyu mama? Mwenzake amelala hapo, na bado anasimama mbele yake apigwe yeye! Felo alituambia huyu ni mtu wa namna gani. Leo mmejionea wenyewe." Watu wakapiga makofi. Akina mama wakasema eeh, eeh, Mungu ambariki. Rose aliinuka akanikumbatia, na hapo ndipo alipolia, kwenye bega langu, kwa nguvu, akisema ero kamano, asante, dada, ero kamano. "Rose, ni kweli nilichosema," nilimwambia sikioni. "Najua," akasema, "najua, Felix alisema ungekataa." Nilipogeuka kutafuta maikrofoni ilikuwa tayari kwa watu wa kanisa, na wimbo umeanza.

Baada ya kuzika tulipanga foleni ya chakula. Nilichukua wali, sikutaka nyama. Watu walinipisha nipite mbele, mzee mmoja akanishika mkono akasema vijana wa siku hizi hawana moyo kama huo, nami nikasema asante kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema kingine. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye leso kichwani, anapakua mboga. Aliweka mwiko chini, akageuka akanitazama usoni kwa muda mrefu, bila hasira.

"Mimi ni Scovia," alisema. "Wa Awendo."

Nilifungua mdomo. Hakungoja.

"Hawa wengine hawajakuamini," alisema. "Mimi nimekuamini."

Akachukua sahani yake, akaenda kuketi na wanawake wengine kwenye hema la mwisho, akaanza kula.